Ng'ombe Katika Hesabu za Benki

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Mhasibu Mkuu amestaafu na chumba chake ni kitupu. Chumba chenye mlango! Sisi wengine wa hesabu tunakaa ukumbini, na kila anayepita kwenda chooni husoma tunachoandika. Mle ndani kuna meza pana, kabati lenye kufuli, na dirisha linalotazama maegesho. Nimeamua. Kile chumba ni changu.

Meneja alituita asubuhi, mimi na Kalamu Nne. Huyu ni mwenzangu wa hesabu. Huvaa kalamu nne mfukoni, kila moja na kazi yake, na hajawahi kumwazima mtu hata moja. Meneja alisema viwango vya kuripoti fedha vimebadilika, na sera zetu za uhasibu ni za enzi benki hii ilipokuwa chumba kimoja na kufuli. Ziandikwe upya. Zieleze tunavyopima kila mali na kila mkopo, zipite kwenye bodi, kisha mkaguzi wa nje aridhike nazo kabla ya mkutano mkuu wa wanachama. Atakayeandika vizuri ndiye atakayehamia chumbani. Hakusema hivyo kwa maneno, ila aliutazama mlango, kisha akatutazama sisi.

Kalamu Nne akaomba wiki tatu. Mimi nikasema keshokutwa. Nikapewa mimi. Kalamu Nne alichekea puani.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na kitabu cha viwango. Kizito mno, nimekiegemeza ukutani. Kiwango kipya cha mikopo kinasema benki isisubiri mkopo uharibike ndipo ikiri hasara. Ikadirie hasara tangu siku ya kwanza, hata kabla haijatokea. Wazo la ajabu. Mimi nikitazama mbele sioni hasara yoyote.

Hadi saa sita nilikuwa nimeandika "Sera Namba Moja" na kuipigia mstari. Nikapiga mstari wa pili chini ya ule wa kwanza. Ndipo akili ikafunguka. Mtandaoni kuna taarifa ya mwaka ya chama kimoja cha ushirika, iliyopata tuzo ya taarifa bora. Kikombe kiko kwenye jalada, mwenyekiti amekikumbatia. Sera zao zimenyooka! Sentensi ndefu zenye heshima zake, kurasa baada ya kurasa. Nikaiamuru kompyuta kila penye "Chama" iandike "Benki". Sera ya mikopo, ambayo wao hawakuwa nayo, nikaitoa kwenye kitabu cha viwango neno kwa neno.

Kazi ya wiki tatu imekwisha kabla chai haijapoa. Nilisoma mpaka ukurasa wa nane, nikaridhika.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi. Meneja aliipima sera mkononi kabla ya kuifungua, na uso wake ukanyooka. Bodi ilikutana alasiri. Mjumbe mmoja mstaafu alisema katika maisha yake hajaona sera nzito namna hii, akapendekeza zipitishwe mara moja ili watu wawahi nyumbani. Zikapita. Hakuna aliyeuliza swali, na hiyo ndiyo dalili ya kazi safi.

Kalamu Nne aliomba nakala akasome nyumbani. Wivu huo.

Kabla ya kutoka niliingia kile chumba, nikapima dirisha kwa tai yangu. Nimemwomba mke wangu anishonee pazia. Aliuliza kama nimeshapewa chumba. Nikamweleza kwamba hilo limebaki kuwa suala la muda tu. Akaendelea kukunja nguo kwa namna ambayo sikuipenda.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi amefika. Dada mmoja mpole, mdogo wa umbo, sauti ya chini, anatembea na chupa yake ya chai. Asubuhi nzima alisoma. Hakukohoa wala hakuinua kichwa. Nikasema moyoni, huyu nimempata.

Baada ya chakula akaniita. Alisema amependezwa sana na Sera Namba Kumi na Moja. Nikamshukuru. Akaniomba nimsomee kwa sauti. Nikasoma kwamba ng'ombe wa maziwa wa Benki hupimwa kwa thamani ya soko kila mwisho wa mwaka, na ndama hutambuliwa kama faida siku anayozaliwa. Nikasoma pia, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshaanza, kwamba maziwa ni mapato ya Benki mara yanapokamuliwa.

Kumbe kile chama ni cha wafugaji. Wangeandika hivyo ukurasa wa mbele, ningejua!

Mkaguzi aliuliza kwa upole kama nina hakika sera hii ni yetu. Kalamu Nne alikuwa meza ya pili, kalamu zote nne zimetulia. Ningesema samahani, ukurasa huu umeingia kwa bahati mbaya, na yeye angesikia. Nikasema nina hakika. Mkaguzi akasema basi ana tatizo dogo, kwa sababu katika mizania yetu haoni ng'ombe hata mmoja, na angependa kuwaona. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Nikamwambia yuko mmoja tu. Akauliza yuko wapi. Nikasema yuko nje ya mji, kikazi.

Tumekubaliana Jumatatu. Nimejikaza. Kinachotakiwa hapa ni ng'ombe tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe ana ng'ombe. Mmoja, mwekundu, mpole, na maziwa yake na ya ng'ombe aliyemzaa ndiyo yaliyomsomesha mke wangu kuanzia darasa la kwanza hadi chuo. Mama mwenyewe amesafiri kwa dada yake na hatarudi kabla ya katikati ya wiki. Ng'ombe kaachiwa shemeji, kaka wa mke wangu. Mambo yamejipanga yenyewe.

Jioni nilikwenda kwa shemeji. Nilimweleza kwamba sitaki kumchukua ng'ombe, nataka tu atazamwe Jumatatu kwa muda mfupi akiwa wa benki. Shemeji alikuna shingo. Alisema mama akisikia atatutoa roho wote wawili. Nikasema hatasikia. Akafikiri tena, akasema yuko tayari kwa sharti moja. Anataka kitambulisho cha benki chenye picha yake, kiandikwe Msimamizi wa Mifugo, kwa sababu kuna majirani wanamdharau.

Nimekata kitambulisho changu cha zamani, nikabandika picha yake juu ya yangu. Masikio yangu yanaonekana kidogo pembeni. Akivaa koti hayaonekani.

Mke wangu alinikuta nikibandika. Aliuliza kwa nini nisimwambie tu yule dada kwamba nimekosea. Nikamfafanulia kwamba mtu anayeelekea chumba chenye mlango haanzi safari yake kwa samahani. Alisema ng'ombe yule ni wa mama yake, na niliweke hilo kichwani. Nimeliweka.

Jumamosi, 8 Machi

Kila mali ya benki ina kibandiko cha namba. Viti, meza, feni, hata pipa la taka. Mkaguzi yeyote huanza kwa kutafuta kibandiko. Asubuhi nikachukua kimoja kipya, nikaenda nacho zizini.

Nilikibandika ubavuni. Ng'ombe akageuza shingo, akakibandua kwa ulimi, akakila. Nikabandika cha pili juu ya pembe. Akakisugua kwenye nguzo, kikaanguka, akakila. Cha tatu alikichukua mkononi mwangu kabla sijajipanga. Shemeji alikuwa amekaa juu ya ndoo, amevaa kitambulisho, meno yote nje.

Tukaamua kutumia rangi. Shemeji alikuwa na mabaki ya rangi nyeupe ya madirisha, na akaniapia itatoka kwa maji. Nikaandika namba ubavuni, herufi kubwa, safi, hadi nikajivunia mwandiko. Alinipiga teke moja tu, mwishoni, nilipokuwa naweka mkwaju, ule mstari wa mshazari, kabla ya mwaka. Ninaandika haya nimesimama.

Rangi haitoki kwa maji. Tumejaribu.

Jumatatu, 10 Machi

Mkaguzi alikuja zizini. Alikuja pia Kalamu Nne, aliyejitolea kumbebea mkoba. Sikumwalika.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mkaguzi alisoma namba ubavuni, akaiandika, akampiga ng'ombe picha kwa mbele na kwa upande. Akauliza tena, kwa sauti ile ile ya chini, kama kuna jambo ningependa kumwambia. Nikasema namba ikifutika tutaipaka upya. Akamgeukia shemeji.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Nilimfundisha shemeji ajibu ndiyo na hapana tu. Lakini mtu akishavishwa kitambulisho! Alisimama mguu sawa. Alisema yeye ndiye msimamizi wa mifugo wa benki nzima. Alisema ng'ombe huyu hana mfano, anatoa ndoo asubuhi na ndoo jioni, na isitoshe ana mimba. Mkaguzi akaandika mimba. Kisha akauliza maziwa hayo huenda wapi. Shemeji, kwa fahari zake zote, akajibu kwamba anauza, na pesa anatia mfukoni.

Hata ng'ombe aliacha kutafuna.

Kalamu Nne akatoa ile kalamu nyekundu. Kwa kuwa ng'ombe ni wa benki, alisema, maziwa nayo ni ya benki, ndivyo sera ilivyopitishwa, na huyu bwana ni mfanyakazi anayejiuzia mapato yetu. Akapiga hesabu papo hapo juu ya goti. Ndoo ya asubuhi, ndoo ya jioni, miaka yote. Shemeji alinitazama kama mtu aliyesukumwa mtoni na ndugu yake. Alikivua kitambulisho, akakitia mfukoni, akasema maneno ambayo siyaandiki hapa.

Nimerudi ofisini nikiwa na mpango. Sijaupata bado, lakini nia ninayo.

Jumanne, 11 Machi

Meneja amekasirika. Hakumkasirikia mtu wa sera, alimkasirikia mwizi wa maziwa. Alisema benki ya wananchi haiwezi kwenda mbele ya wanachama wake na mali inayokamuliwa gizani. Ameagiza ng'ombe aletwe kwenye jengo la benki mara moja, akae hapo mpaka hesabu zieleweke. Kalamu Nne aliinua mkono kabla Meneja hajamaliza sentensi.

Saa tisa alasiri aliingia getini, kamba ya ng'ombe mkononi, mlinzi nyuma akimsukuma mnyama. Wamemfunga kwenye maegesho, chini ya dirisha la kile chumba. Wateja waliacha foleni wakatoka kuangalia. Mama mmoja aliuliza kaunta kama siku hizi wanapokea amana za namna hiyo.

Nyumbani chakula kimewekwa mezani bila neno. Mke wangu ameshapigiwa simu na kaka yake. Alisema jambo moja tu kabla ya kwenda kulala, kwamba mama anarudi keshokutwa, na zizi ataliona lenyewe. Nimekuwa nikiliwaza. Nina hofu, naikiri hapa kwa sababu hakuna asomaye. Lakini sirudi nyuma. Nitapata chumba na ng'ombe atarudi zizini.

Jumatano, 12 Machi

Nimekaa na sera mpaka nikapata njia. Zinasaidia sana ukizisoma. Sera Namba Kumi na Tano inasema mnyama aliyekufa huondolewa kwenye vitabu vya Benki siku hiyo hiyo. Basi! Akiondolewa vitabuni, si mali yetu tena, na jioni namrudisha kwao polepole kwa njia ya nyuma.

Niliandika taarifa ya kifo. Fupi, yenye huzuni. Marehemu alikuwa mali yenye bidii, ameondoka ghafla, hakuna mabaki ya kuuzwa. Nikagonga mihuri miwili.

Meneja na mkaguzi walikuwa wamekaa kwenye kile chumba, kwani ndicho chenye nafasi. Nikaingia, nikaweka karatasi mezani, nikainamisha kichwa. Meneja alianza kusoma kwa sauti. Alipofika kwenye neno marehemu, dirisha lilikuwa wazi, na marehemu akaingiza kichwa akakaa anamsikiliza. Kisha akaivuta karatasi ya mahudhurio iliyokuwa karibu.

Nilisema huenda aliyeniletea habari alikosea. Meneja aliuliza nani aliyeniletea habari. Nikasema simkumbuki vizuri, alikuwa na haraka. Mkaguzi alimimina chai yake, akaniuliza kwa mara ya tatu kama nina hakika na Sera Namba Kumi na Moja. Alisubiri kabisa. Kikombe kilikuwa kimejaa, na hakukinywa.

Nikasema nina hakika.

Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe alifika benki kabla hatujafungua. Alikuwa na kamba yake mwenyewe, ameikunja vizuri kwenye kapu. Nikamwamkia, nikampa kiti. Hakukaa. Alitoka nje, akamzunguka ng'ombe wake, akasoma namba ubavuni, akapitisha kiganja juu ya ile rangi kama anayefuta vumbi. Haikutoka.

Kalamu Nne akamweleza kwa adabu zote kwamba mali yenye namba ya benki haitoki getini. Akamwonyesha kifungu. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia: "Mwanangu, huyu alipozaliwa nilimpokea mimi mwenyewe, kwa mikono hii." Kalamu Nne akaanza kupekua kurasa akitafuta kifungu.

Meneja akatuita wote chumbani. Alisema jambo ni jepesi. Ama sera ni ya kweli, na ng'ombe ni wa benki, ama aliyeandika atie sahihi kwamba si ya benki hii, na mama aondoke na mnyama wake. Sahihi hiyo ingemaliza habari ya chumba, kila mtu alilijua hilo. Kwenye dirisha lilikuwa limeshatundikwa pazia, nilikuwa nimelileta asubuhi mapema. Limekaa vizuri sana.

Nilianza kusema kwamba kuna njia ya tatu, kwamba tungeweza kusema benki imemkodi ng'ombe, na vipo viwango vya ukodishaji. Mkaguzi alifumba macho. Mama mkwe alinigeukia. Nilijikunyata nikingoja matusi, na ningeyapokea. Aliniuliza kama nakula vizuri. Alisema: "Naona umekonda, mwanangu, huku kazini wanakuchosha."

Nikaomba kalamu. Kalamu Nne akanipa moja, ile nyeusi, bila kuombwa mara mbili. Nikatia sahihi.

Ndipo mkaguzi alipokunywa chai yake. Alisema kile chama cha wafugaji anakikagua yeye, na Sera Namba Kumi na Moja aliisahihisha kwa mkono wake, kwa hiyo Alhamisi ile aliitambua kama mtu anavyotambua mwanawe sokoni. Alisema alikuwa akinifungulia mlango kila alipouliza, na hajaona mtu anayeufunga kwa bidii kama mimi. Nilitamani sakafu inimeze.

Mama aliondoka na ng'ombe wake barabarani, namba ubavuni. Nilimsindikiza mpaka kona. Alikataa nishike kamba.

Ijumaa, 14 Machi

Kalamu Nne amehamia chumbani. Amesema pazia limemfaa, na anamshukuru shemeji yake kwa kushona, akimaanisha mke wangu. Mimi nimebaki ukumbini. Nimepewa onyo na kazi, kuandika sera zote upya, chini ya Kalamu Nne, sentensi kwa sentensi, mkaguzi akisoma kila ukurasa. Mkutano mkuu umesogezwa mbele. Shemeji amekataa kurudisha kitambulisho.

Leo nimeandika Sera Namba Moja kwa kichwa changu mwenyewe. Feni huchakaa kwa miaka mitano. Mkaguzi aliisoma, akasema ni sahihi. Nilijisikia vizuri kupita nilivyotegemea. Nimebadilika, nahisi kabisa. Mtu mpya.

Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu ameanza kuniongelesha. Amesema mama hataki fidia wala zawadi. Anataka barua tu, niandike mwenyewe kwa maneno yangu, naye ataisoma kesho mbele ya ndugu wote, shemeji akiwapo, na jambo litaisha. Amesema mama anaisubiri kwa hamu, kwa sababu tangu nimuoe binti yake sijawahi kumwandikia.

Nilikaa mezani tangu asubuhi. Niliandika: "Mama, shikamoo. Nilikosa. Ng'ombe ni wako, na nilijua ni wako." Nikaitazama. Nikahisi machozi, sijui kwa nini. Lakini ni fupi mno! Mbele ya ukoo mzima, mtu wa benki na vistari viwili vya karatasi? Wangesema sikujituma.

Kwa bahati, mtandaoni kuna barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na mamlaka moja ya maji kwa wateja wake. Barua ya kiume! Kurasa tatu, zimepangika, unyenyekevu wa hali ya juu. Nikaiamuru kompyuta kila penye "Mteja" iandike "Mama". Ile yangu nimeifuta. Nimekwisha kumkabidhi mke wangu hii mpya ikiwa kwenye bahasha, imefungwa. Alinishika mkono, akasema anajua haikuwa rahisi.

Kuna sehemu inayosema Mama achemshe kabla ya kutumia, na kwamba mafundi wako chini wanatafuta bomba lilipotoboka. Hiyo nimeiacha humo humo. Inaipa uzito.